Ni Yeye au Si Yeye

Anayetafsiri filamu kwenye kibanda cha video haruhusiwi kusema "sijui". Mtu amelipa shilingi mia, amekaa kwenye benchi lililoundwa kwa mbao za mtumbwi uliooza, ana kipande cha sangara mkononi, na anataka kuambiwa steringi ni nani, adui ni nani, na yule mzungu analilia nini. Ukisita, jirani yake atamjibu, wa nyuma atabisha, na punde kibanda kizima kitakuwa kinatafsiri na maikrofoni yako imebaki pambo. Mabingwa wa kazi hii, kama marehemu Lufufu ambaye sauti yake ilitufikia hadi visiwani, hawakusita. Mwigizaji asiposema kitu, walimsemea.

Mimi niliifanya kazi hiyo kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, ng'ambo ya Kayenze. Jina la kisiwa nitaliacha, na sababu itaonekana mbele. Ilikuwa katikati ya miaka ya 2000, taa za sola hazijaingia, dagaa wanavuliwa kwa karabai. Anayejua uvuvi huo anajua kwamba unafuata mwezi. Dagaa huifuata taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, karabai haina cha kuwadanganyia, na mitumbwi inapandishwa mchangani. Wavuvi wanashona nyavu, wanakunywa, wanadaiana, wanapigana kidogo. Usiku usingizi hauji kwa sababu wamezoea kukesha. Siku hizo za mbalamwezi ndizo zilizolipia petroli ya jenereta yetu. Tajiri wa kibanda alikuwa na kalenda aliyoizungushia kalamu nyekundu, na kwenye miduara hiyo hakutaka kusikia habari ya mtafsiri mwenye mafua.

Mwezi mmoja aliniletea kutoka Makoroboi, mjini Mwanza, diski iliyosongwa filamu nyingi, kasha lake lina picha ya mtu mwenye bunduki ambaye hayumo katika filamu hata moja kati ya hizo. Moja ilikuwa Anastasia, ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Anatole Litvak. Niliitazama mchana peke yangu, kama desturi, nikajua usiku watanirushia vikopo. Hakuna kupigana. Watu wanaongea ndani ya vyumba. Lakini Yul Brynner ana kipara na macho ya mtu asiyetaniwa, na wavuvi walimkubali alipoingia tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfalme wa Urusi, Tsar Nikolai wa Pili, aliuawa pamoja na mkewe na watoto wao huko Yekaterinburg usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918. Miili haikuonekana, na uvumi ukaenea kwamba binti mmoja, Anastasia, aliponyoka. Filamu inaanzia Paris mwaka 1928. Brynner ni jenerali aliyekimbia mapinduzi. Kuna pauni milioni 10 za familia ile zilizolala benki Uingereza, na yeye na wenzake wanahitaji mtu wa kuzidai. Wanampata mwanamke kando ya mto Seine, amechoka, ana njaa, amepitia hospitali za wagonjwa wa akili, hana jina analoweza kulisimamia, na anataka kujitupa majini. Huyo ndiye Ingrid Bergman. Wanamchukua, wanamlisha, wanaanza kumfundisha: tembea hivi, salimu hivi, huyu alikuwa nani kwenu, yule alikuwa nani. Tatizo ni kwamba mara kwa mara anasema mambo ambayo hawakumfundisha. Waliomwokota ili adanganye nao wanaanza kuogopa kwamba huenda hadanganyi.

Hapo ndipo kibanda kilipopasuka. "Ni yeye au si yeye?" Wakanigeukia wote.

Nami sheria naijua. Usiku wa kwanza nikasema: ni yeye, binti mfalme, kumbukumbu imepotea kwa ajili ya risasi alizonusurika. Walifurahi sana. Bergman alipofika Copenhagen mbele ya bibi yake, malkia mzee anayechezwa na Helen Hayes, mtu mzima mmoja alisimama juu ya benchi. Malkia amekwisha kuchoshwa na wasichana wa uongo, anamsema yule mwanamke maneno ya kumkausha mtu, anageuka aondoke. Yule mwanamke anakohoa. Malkia anauliza kama anaumwa. Anajibu kwamba haumwi, akiogopa ndivyo anavyokohoa. Malkia anasimama pale pale, kwa sababu mjukuu wake alikuwa hivyo. Kibanda kilipiga kelele mpaka mbwa wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wakabweka. Kisha ikafika mwisho: ukumbi umejaa wageni wanaosubiri atangazwe, na yeye ametoroka na jenerali, pesa wameziacha. Wakachukia. Binti mfalme gani anaacha pauni milioni 10 kwa ajili ya kipara?

Kesho yake tukairudia, maana waliokosa waliitaka. Nikaona nijaribu upande wa pili. Nikasema: si yeye, ni mwanamke wa mjini, mjanja, kawaweza wote. Furaha ilikuwa vilevile, ila imegeuka sura. Sasa walimcheka malkia. Kikohozi kilipofika walishika mbavu, "bibi kaingia!", na yule mwanamke wakampenda kama wanavyompenda mtu aliyemwibia tajiri. Mwisho, alipoziacha pesa, wakachukia tena.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda. Maneno ya filamu ni yaleyale, machozi ya Bergman ni yaleyale, na sauti yangu ndiyo iliyoamua kama watu wamwonee huruma au wamshangilie kwa wizi. Usiku wa tatu nikanyamaza. Walipouliza nikasema filamu yenyewe haijasema, ambayo ni kweli, inaisha bila kusema. Tajiri alinifuata nyuma ya spika. "Watu wamelipa, wape jibu." Sikuwapa. Walibishana hadi alfajiri, wakarudi kesho yake na watu wengine ili wabishane vizuri, na tajiri akaja kuniambia kwa sauti ya chini, "Lile jibu, usilitoe."

Mlangoni pa kibanda alikaa mama mmoja akiuza chai ya rangi na maandazi. Alikuwa wa umri wa mama yangu. Mchana alikuwa na jiko lake karibu na uwanja wa kuanikia dagaa, anapika ugali na sato kwa wavuvi. Tulimwita Mama tu. Wengine wote kisiwani waliitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza au la kwao, yeye hakutaja mtoto wala kwao. Alishuka siku moja kutoka kwenye boti ya wachuuzi wa dagaa, na boti ilipoondoka akabaki. Kwa kisiwa cha wavuvi hilo si ajabu. Visiwani kuna watu wengi waliofika hivyo, na adabu ya mwaloni ni kwamba humuulizi mtu alikotoka, unamuuliza kama anajua kushona nyavu.

Adabu hiyo hutumika zaidi kwa wanaume. Mwanamume asiye na historia ni mvuvi. Mwanamke asiye na historia ni fumbo, na kila mtu anajiona ana haki ya kulifumbua.

Asubuhi baada ya ule usiku wa mabishano nilikwenda kunywa chai kwake. Akanimiminia bila kuniangalia.

"Yule mwanamke wako, baba," akasema, "alikuwa anataka kulala tu. Nyie mkamvalisha nguo."

Nikamwambia si mimi, ni jenerali. Akacheka kidogo. Mama za Kisukuma humwita kijana "baba" hata kama angeweza kumbeba mgongoni, na mimi, ambaye ni wa huko huko, niliisikia Kisukuma chini ya Kiswahili chake siku zote. Sikuwahi kumtajia mtu. Wala hakuna aliyeniuliza, kwa sababu kisiwa kilikuwa tayari kimeshaamua yeye ni nani: amenusurika MV Bukoba.

Kwa walio mbali na ziwa, nieleze. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Hakuna mtu wa rika langu kanda hii asiyejua alikuwa wapi siku ile. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, na wengine ziwa liliwakalia. Hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, wengine mia nane, wengine elfu moja, na sababu yake ni ya kikarani: abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Ukisafiri daraja la tatu, hukuwamo kwenye karatasi. Baadaye dunia ilikuja kujua kwamba hata Abu Ubaidah al-Banshiri, mtu mkubwa wa al-Qaeda, alizama na meli ile, na wenzake walituma watu kuja kuhakikisha kama kweli amekufa, maana huku alikuwa anaishi kwa jina jingine. Meli isiyo na orodha ndivyo ilivyo. Yeyote anaweza kuwa alikuwamo, na yeyote anaweza kuwa alitoka.

Ushahidi wa kisiwa ulikuwa mwingi. Mama hakuoga ziwani kama wanawake wengine, alichota maji na kuogea nyumbani. Upepo mkali ukivuma usiku, taa yake iliwaka. Tena msimu mmoja senene, wale panzi wanaopendwa kuliwa na Wahaya, waliangukia kisiwani kwa wingi, watoto wanakimbia na ndoo, na Mama akakaa chini akawachambua mbawa na miguu kwa kasi iliyomaliza kesi. Mhaya huyo! Amezaliwa Bukoba, amepanda meli, imezama, ameogelea, akili imeyumba, amesahau kwao. Hadithi ilikuwa nzuri, imejaa machozi, na wachuuzi wakaibeba kwenda Mwanza pamoja na magunia ya dagaa. Huko ikapanda meli nyingine kuvuka ziwa.

Kwa hiyo wakaja. Ilikuwa mbalamwezi nyingine, mitumbwi yote mchangani, kisiwa kizima hakina kazi. Walikuwa kaka wawili wenye umri wa makamo na mama yao mzee, aliyevaa gauni refu na kitenge begani, akishushwa kwenye boti kwa kushikwa mikono miwili. Walikuwa wamesafiri usiku kucha na MV Victoria hadi Mwanza, kisha Kayenze, kisha hapo. Binti wa yule bibi alikuwa amepanda MV Bukoba na mwili wake haukuonekana. Ilikwisha kupita miaka kama kumi.

Nusu ya kisiwa ilisimama kuzunguka jiko la Mama. Nami nilikuwa hapo, betri ya kibanda mkononi, nikajifanya naitazama.

Bibi alisalimia kwa Kihaya, maneno marefu ya heshima. Mama akapiga goti, akaitikia kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akasema, akatafuta pa kukaa.

Kaka mkubwa hakungoja. "Mama, mwangalie vizuri. Miaka kumi inambadilisha mtu." Kaka mdogo naye akasema sauti siyo, urefu siyo, na kwamba walikwisha kumwambia mama yao kabla ya kusafiri kwamba ni porojo za wachuuzi. Walianza kubishana kwa Kihaya, na ndani ya Kihaya hicho likawa linarudi neno ambalo kila mtu kando ya ziwa anaelewa: kibanja, shamba la familia. Tulikuja kuelewa baadaye. Baba yao alikuwa amefariki, migomba na buni zimegawanywa, na dada aliyerudi kutoka ziwani angerudi pia kwenye mgawo. Kaka mkubwa alikuwa na ugomvi wa mpaka na mdogo wake, dada akiwa hai angekuwa upande wake. Kila mmoja alikuwa na pauni zake milioni 10. Sisemi hawakumpenda dada yao. Mkubwa alikuwa anatetemeka midomo. Mapenzi na mpaka wa kibanja vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kusukumana.

Na sisi watazamaji tulikuwa na hesabu zetu. Mtu mmoja alipaza sauti, "Bibi, senene! Anachambua senene!" Tulitaka awe yeye. Tumeibeba hadithi miaka, na mtu akibeba kitu muda mrefu anataka kulipwa.

Bibi akaomba chai. Akasema watu waondoke, na watu wakarudi nyuma hatua tatu. Mama akamimina, akaweka andazi kwenye kisahani, akakaa kwenye kigoda chake akiendelea kukwangua magamba ya sato, maana wavuvi watakula saa saba iwe ana historia au hana. Bibi akavuta sato mmoja, akatoa kisu kidogo kwenye mkoba wake, akaanza naye kukwangua. Walikaa hivyo kwa muda mrefu. Wengi wakachoka, wakaenda. Niliyoyasikia ni machache.

"Una watoto?"

"Ninao, mama. Wameshakuwa wakubwa."

"Wanajua ulipo?"

"Hawajui."

"Wanakutafuta?"

Mama hakujibu haraka. "Heri wasinitafute," akasema.

Bibi akaosha mikono. Akafungua fundo la kitenge, akatoa noti, akaiweka karibu na birika. Mama akaisukuma, anasema mama amesafiri mbali, chai ya mgeni hailipiwi. Bibi akairudisha.

"Ungekuwa mwanangu nisingelipa."

Akainuka, akawaita wanawe, akawaambia kesho asubuhi wanapanda boti, huyu ana watu wake. Kaka mkubwa alitaka kusema kitu, akaishia kuangalia ziwa. Kisiwa kilinung'unika wiki nzima. Wapo waliosema bibi amezeeka, haoni. Wapo waliosema amemkana mtoto wake kwa kuhongwa na yule mdogo. Hukumu ya noti ile haikuwatosha, kwa sababu haikuwapa hadithi.

Baada ya hapo ile sehemu ya kikohozi ikawa ngumu kwangu. Nilipoitafsiri tena niliona jambo ambalo nilikuwa nimelipita: malkia yule hajathibitishiwa kitu. Maelfu ya watu hukohoa wakiogopa. Yuko peke yake, familia yake imekwisha, na kikohozi ni mlango anaoutaka. Anauingia. Nadhani ndiyo sababu filamu ile ni nzuri kuliko nyingi zinazojidai kufumbua mafumbo. Haimdhihaki mzee kwa kutaka mjukuu. Bibi wetu wa Bukoba alikuwa na mlango uleule mbele yake, watu wamemfungulia, wanamsukuma kwa nyuma, na alikwangua samaki akafikiri, akakataa.

Niliondoka kisiwani simu zilipoanza kucheza video na vibanda vikaanza kufa. Nikahamia Mwanza mjini, natengeneza simu, na jioni nyingine ni mshehereshaji wa harusi. Siku moja, intaneti ikiwa mkononi, nikakumbuka kuitafuta ile filamu. Nilitaka kujua tu kama ni ya kutunga.

Kumbe nyuma yake kulikuwa na mwanamke kweli. Mwaka 1920 alitolewa kwenye mfereji mjini Berlin baada ya kujitupa. Alikataa kusema jina, wakamweka hospitali ya wagonjwa wa akili na kumwandika kuwa asiyejulikana. Baadaye ikaanza kusemwa kwamba ni Anastasia, naye akalishika. Alikuja kuitwa Anna Anderson. Ndugu wa Tsar waligawanyika, wengine wakamkubali, wengine wakamkataa. Malkia mzee wa kweli, Maria Feodorovna, hakukubali hata kumwona, akafariki Oktoba 1928, kwa hiyo kile kikohozi ni cha watunzi. Kesi yake Ujerumani ilianza 1938 na ikaisha 1970, mahakama ikisema madai hayajathibitika. Alifariki 1984 huko Charlottesville, Marekani. Kaburi la familia ya Tsar lilifunguliwa 1991, watoto wawili hawakuwamo, uvumi ukafufuka. Mabaki ya hao wawili yalipatikana 2007. Lakini kabla ya hapo, 1994, kipande cha mwili wa Anna Anderson kilichokuwa kimehifadhiwa hospitali kilipimwa DNA. Hakuwa na undugu na Tsar. Vinasaba vilifanana na vya ukoo wa Franziska Schanzkowska, mfanyakazi wa kiwanda mwenye asili ya Poland, aliyepotea Berlin mwaka 1920.

Waandishi wengi wanaishia hapo, kwa sauti ya "tumemkamata". Mimi ndipo nilipoanza kusoma. Schanzkowska alikuwa kwenye kiwanda cha silaha wakati wa vita. Mwaka 1916 bomu la mkono lilimponyoka, likalipuka, likamuua msimamizi wake mbele ya macho yake, na yeye akajeruhiwa. Akili ikashindwa. Akazungushwa hospitali moja hadi nyingine, kisha akapotea kwenye chumba alichopanga, na muda mfupi baadaye kuna mwanamke kwenye mfereji.

Sasa hiyo si hadithi? Makovu mwilini yalikuwapo kweli, na watu wakayasoma kuwa ya risasi za Yekaterinburg. Hofu ilikuwapo kweli. Alikuwa amenusurika kitu kikubwa kweli, ila hakikutokea ndani ya nyumba ya mfalme. Akiwa Franziska, hakuna aliyekuja kumtazama. Akiwa Anastasia, watu walivuka bahari. Sisemi alikuwa sahihi kuudanganya ulimwengu maisha yake yote, na wapo ndugu wa Tsar waliofiwa kweli ambao aliwatonesha. Nasema tu kwamba watu walimlipa kwa jina moja na kumnyima kwa jingine, na alijifunza upesi.

Bergman mwenyewe alikuwa na lake. Alimpenda mwongozaji Roberto Rossellini akiwa mke wa mtu, na mwaka 1950 seneta mmoja alisimama katika Seneti ya Marekani kumlaani. Hollywood ikamfungia mlango miaka kadhaa. Anastasia ndiyo iliyomrudisha, na kumpa Oscar ya pili, iliyopokelewa na Cary Grant kwa niaba yake kwa kuwa hakuwepo ukumbini. Inafurahisha na inaudhi: walimsamehe alipocheza mwanamke asiye na historia.

Mama sasa anaishi mjini. Tunaonana. Nilimweleza kwamba nataka kuandika, akafikiri akasema andika, ila kijiji usikitaje, wala kisiwa. Basi ni hivi. Alikuwa mjane, kijiji cha ndani Usukumani. Walikufa watoto wawili wa shemeji yake kwa kufuatana. Mganga akaulizwa. Mama alikuwa na macho mekundu. Huko kwetu, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho hayo, ambayo ni ya moshi wa mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Serikali imelaani, watu wamefungwa, na bado. Jirani alimdokeza jioni; usiku huo huo aliondoka na kanga mbili. Watoto wake hakuwaambia, ili wakiulizwa wasiwe na cha kusema. Taa yake kwenye upepo ilikuwa ya mtu anayesikiliza nyayo. Kuoga nyumbani ni kwa sababu alikulia mbali na ziwa na anaogopa kichocho. Kuhusu senene aliniambia kuchambua senene si kazi ya kusomea.

Kwa hiyo miaka yote ile, wakati kisiwa kinapeleka habari zake Mwanza na Bukoba kwa nia njema kabisa, kila boti iliyoondoka na hadithi ya mwanamke asiye na kwao ingeweza kurudi na mtu mwenye panga.

Nilijaribu kuisimulia kwa wavuvi wawili wa zamani niliokutana nao Kirumba, bila kutaja mahali. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akasema, "Kumbe wa kawaida tu." Mwingine akauliza kama nina hakika hakuwahi kupanda MV Bukoba.

Mama nilimsimulia habari za Franziska, kiwanda na bomu. Hakuuliza kama alikuwa binti mfalme au hakuwa. Aliuliza yule msimamizi aliyekufa alikuwa na watoto wangapi, na nani aliwalea. Nikamwambia hakuna nilikosoma hilo. Akasema basi kaendelee kusoma.

Kibanda hakipo tena, na harusini hakuna anayetaka habari za Urusi. Lakini ningepewa maikrofoni usiku mmoja wa mbalamwezi, nisingeanzia Paris. Ningewaambia wazime kioo kwanza, nikaanzia Berlin, mwaka 1916, kiwandani, na kiingilio ni shilingi mia ileile.